Uweke nini ukutani: pamba ya mawe, pamba ya kioo, povu gumu au jipsamu mara mbili?

Swali linaloulizwa sana ni "insulesheni ipi nzuri" (yani kitu cha kuweka ukutani kuzuia joto au sauti), na kila mtu anajibu ya kwake, fundi mmoja anakwambia pamba ya mawe tu, mwingine anasema stairofomu inatosha, wa tatu anasema achana na hayo yote ongeza jipsamu nyingine juu ya hiyo iliyopo. Wote wanaweza kuwa sahihi na wote wanaweza wakakupoteza, kwasababu hakuna aliyekuuliza kwanza ni ukuta upi na unasumbuliwa na nini. Mi naomba tuanzie hapo maana hela nyingi za watu zinapotea hapa hapa.

Kuna ukuta unaotenganisha chumba na chumba, yani pande zote mbili ni ndani ya nyumba. Afu kuna ukuta wa nje ambao wewe unataka kuuvalisha kwa upande wa ndani. Watu wanaziita zote "kuta za ndani" ila kazi zake ni tofauti kabisa. Joto linahama pale tu upande mmoja unapokuwa wa moto kuliko mwingine, kwahiyo kama sebule ina nyuzi 25 na chumba cha kulala kina nyuzi 25, ukuta wa katikati hata ukiujaza insulesheni nene kiasi gani utaokoa umeme sifuri. Sifuri kabisa, sio kidogo. Hapo unanunua ukimya tu, basi, na hakuna ubaya kununua ukimya ila ujue ndo unachonunua. Joto linaingia kwenye hesabu pale ambapo ukuta umepakana na nje, au na gereji, au na korido ya ngazi isiyo na hita wala kiyoyozi, au pale ambapo chumba kimoja tu ndo kina kiyoyozi na mlango wake unafungwa siku nzima.

Jambo la pili ambalo linachanganya wengi ni kwamba kinachozuia joto vizuri si lazima kizuie sauti. Joto linazuiwa na hewa iliyonaswa ikatulia ndani ya vijitundu vidogo. Sauti inazuiwa na vitu vinne: uzito wa ukuta, kutenganisha pande mbili zisigusane, kitu laini cha kunyonya mawimbi ndani ya uwazi wa katikati, na kuziba kila upenyo. Sasa chukua kipande cha povu gumu mkononi, ni chepesi mno, kimejaa hewa. Kwa joto ni bingwa. Kwa sauti ya jirani anayeongea na simu hakikusaidii chochote.

PAMBA YA MAWE NA PAMBA YA KIOO

Hizi ndo zinazogombana sana kwahiyo nikae hapa kidogo. Pamba ya mawe inatengenezwa kwa kuyeyusha mawe ya volkano kama basalti na kuyazungusha mpaka yatoke nyuzi nyembamba, ya kioo ni hivyo hivyo ila malighafi ni mchanga na vioo vilivyotumika. Kwa joto zinakaribiana sana. Upitishaji joto wa pamba ya mawe ni kama 0.034 hadi 0.040, wa pamba ya kioo ni 0.032 hadi 0.044 kutegemea na msongamano (hiyo ni wati kwa mita kwa nyuzi, namba ndogo ndo nzuri). Tofali la kuchoma liko kwenye 0.6 hadi 0.8. Maana yake sentimita 5 tu za pamba zinazuia joto karibu sawa na ukuta wa tofali wenye unene wa mita 1 nzima, ndo uone kwanini kuongeza unene wa ukuta kwa ajili ya joto ni kupoteza nafasi na simenti.

Kwa sauti watu wanadhani pamba ya mawe inaipiga ya kioo mbali sana kwasababu ni nzito. Kiukweli ikiwa ndani ya ukuta, kati ya jipsamu na jipsamu, unene ule ule, tofauti ni ndogo, pointi moja au mbili hivi za kipimo cha kuzuia sauti (STC, nitakieleza huko chini), sikio lako halitajua. Pamba haizuii sauti kwa uzito wake, kazi yake ni kunyonya mawimbi yanayodunda ndani ya ule uwazi. Kwahiyo kama unachotaka ni ukimya tu na ya kioo ndo inapatikana kirahisi, chukua ya kioo, wala usijisikie umenunua kitu cha daraja la chini.

Pamba ya mawe inashinda kwenye mambo mengine. Moto kwanza: inavumilia zaidi ya nyuzi 1000 kabla ya kuyeyuka, wakati ya kioo inaanza kulegea na kunywea kwenye nyuzi 600 hadi 700. Zote mbili haziwaki, ila kwenye moto mkubwa ya mawe inabaki pale pale imesimama na kuchelewesha moto usiingie chumba cha pili, na huo muda ndo watu wanatoka nao. Mi kwa ukuta wa jikoni, wa gereji au wa jirani siwazi mara mbili, ni pamba ya mawe. Pili ni ngumu ngumu, inasimama yenyewe kwenye fremu bila kushuka. Ile ya kioo nyepesi ya kwenye roli, isipokatwa vizuri, baada ya muda inateleza chini inaacha uwazi juu, na ule uwazi wa juu ndo sauti na joto vitapita humo humo.

Namna ya kuikata ina maana kuliko aina uliyonunua. Pima nafasi kati ya nguzo na nguzo za fremu, tuseme ni sentimita 58, wewe kata 59, sentimita moja zaidi, kwa kisu kirefu chenye meno kama cha kukatia mkate. Iingize kwa kuibana kidogo pembeni afu iachie, itajishika yenyewe. Ukiikata ndogo itaacha ufa, ukiilazimisha kubwa sana itajikunja katikati na kuacha uwazi nyuma ambao huuoni. Na usifanye ule mchezo wa kusindilia pamba ya sentimita 10 kwenye uwazi wa sentimita 5 ukidhani unapata mara mbili. Ukiiminya unaitoa hewa, na hewa ndo ulikuwa unailipia, afu ikijaa kwa nguvu inaanza kusukuma bodi zote mbili na kubeba mtetemo toka huku kwenda kule.

Kuhusu afya maana najua litaulizwa. Zote zinawasha ngozi, koo na macho wakati wa kufunga, vaa barakoa, glavu, miwani na mikono mirefu, ukimaliza oga na zile nguo zifuliwe peke yake. Habari ya saratani, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani IARC mwaka 2001 lilizipitia upya pamba hizi za kuhami na kuziweka kundi la 3, yani ushahidi uliopo hautoshi kuziita chanzo cha saratani kwa binadamu. Asbesto ni habari nyingine kabisa, hiyo ni hatari iliyothibitika. Kama nyumba ni ya zamani na hujui bodi au siling bodi imetengenezwa na nini, usitoboe, usikate, usipige msasa mpaka ipimwe.

POVU GUMU NA STAIROFOMU

Hapa kwenye joto hakuna mpinzani. Bodi za poliyurethani na dada yake PIR (povu gumu la jamii hiyo hiyo) zina upitishaji wa 0.022 hadi 0.026, yani unene mdogo unafanya kazi kubwa. Stairofomu ya kawaida nyeupe ni 0.032 hadi 0.038, karibu sawa na pamba.

Tuweke hesabu ili isiwe maneno matupu. Chukua ukuta wa nje wa tofali, unene sentimita 20, eneo mita za mraba 10, nje na ndani kuna tofauti ya nyuzi 10. Ukiwa mtupu unapitisha kama wati 220. Ukivalisha sentimita 5 za pamba na jipsamu juu yake unashuka hadi wati 50 na kitu. Ukiweka sentimita 5 za PIR badala ya pamba unafika wati 36 hivi. Ukiweka pamba ya sentimita 10 ni kama wati 30. Angalia kwa makini hapo, zile sentimita 5 za kwanza zimeokoa wati zaidi ya 160, zile 5 za pili zimeongeza kama 20 tu. Kwahiyo kwenye chumba kidogo ambacho kila sentimita unaionea uchungu, kuweka kitu chembamba kizuri au hata pamba ya sentimita 5 tu inatosha kupata sehemu kubwa ya faida, na hela inayobaki ipeleke juu ya dari, maana paa likipigwa na jua ndo linaloleta joto zaidi ya kuta kwenye nyumba nyingi za chini.

Sasa ubaya wa povu. Kwanza sauti, na hapa nataka nisisitize kwasababu sio tu kwamba haisaidii, inaweza ikaharibu. Ukigandisha stairofomu au povu gumu moja kwa moja kwenye tofali afu ukagandisha jipsamu juu yake, umetengeneza springi: bodi nyepesi, katikati kitu kigumu chenye kurudi, nyuma ukuta. Kwenye sauti za kati, zile za maongezi, ule mfumo unatetemeka wenyewe na ukuta unapitisha sauti nyingi kuliko ulivyokuwa mtupu. Mtu anamaliza kazi, chumba kimekuwa na joto zuri, ila televisheni ya jirani imesogea karibu, afu anaambiwa ni mawazo yake. Sio mawazo yake.

Pili moto. Stairofomu inaanza kulainika karibu na nyuzi 100, ikiwaka inadondosha matone ya moto na moshi mweusi mzito. Ikikaa ndani ya nyumba lazima ifunikwe kabisa na jipsamu au plasta, usiiache wazi hata stoo. Tatu ni waya, stairofomu ikigusana na waya wa umeme wenye gamba la PVC kwa muda mrefu inafyonza kile kilainishi cha PVC na gamba linakuwa gumu linapasuka. Pitisha waya kwenye bomba lake.

Lile povu la kupuliza liko la aina mbili. La seli zilizofungwa ni gumu na zuri kwa joto na unyevu, kwa sauti halina maana. La seli zilizo wazi ni laini kama sponji, linaziba nyufa vizuri sana na hilo peke yake linapunguza sauti zinazopita kwenye upenyo, ila kwa kunyonya halifiki pamba. Wakati linapulizwa linatoa kemikali za isosayaneti zinazodhuru mapafu, wote mtoke nyumbani, watoto na wagonjwa wa pumu kabisa kabisa, mpaka likauke na hewa ipite.

VINGINE KWA HARAKA

Selulosi, ni karatasi zilizosagwa na kuwekewa madini ya boroni zisishike moto wala wadudu. Upitishaji kama 0.040, kwa sauti inaenda sawa na pamba, uzuri wake ni kwamba inapulizwa kupitia tundu dogo kwenye ukuta ambao tayari umefungwa, huna haja ya kubomoa. Isipojazwa kwa msongamano wa kutosha inashuka. Sufi ya kondoo inafanya kazi vizuri kote kote, 0.035 hadi 0.040, na ina tabia nzuri ya kubeba unyevu hadi kama theluthi ya uzito wake bila kuonekana imelowa, lazima iwe imetibiwa dhidi ya nondo wanaokula sufi. Bodi za nyuzi za mbao ni nzito kidogo na nzuri, ila zinakula nafasi.

Trei za mayai na sponji zenye vinundu vya studio: hizi zinapunguza mwangwi ndani ya chumba chako, sauti yako kwenye rekodi itatulia kweli, lakini hazizuii sauti kwenda chumba cha pili wala kutoka. Ni kazi mbili tofauti. Na trei za karatasi zilizopangwa ukuta mzima ni kuni zilizosimama, tafadhali usifanye hivyo kwenye chumba anacholala mtu.

JIPSAMU MARA MBILI, CHANELI AU FREMU MBILI

Hii ndo sehemu ambayo mtu mwenye shida ya kelele anatakiwa kuisoma mara mbili, kwasababu jinsi ukuta ulivyojengwa inaamua matokeo kuliko pamba uliyoweka ndani. Kuna namba inaitwa STC, kadiri ilivyo kubwa ndo ukuta unazuia sauti zaidi. Kwenye 35 unamsikia mtu chumba cha pili na maneno unayashika. Kwenye 45 unajua kuna mtu anaongea kwa nguvu ila hushiki anachosema. Ukipita 50 hata anayepaza sauti unamsikia kwa mbali sana au humsikii.

Ukuta wa fremu ya mbao, jipsamu moja kila upande, katikati mtupu, uko kwenye 33 au 34. Ukiujaza pamba unapanda pointi mbili tatu tu. Ndo maana watu wengi wanalalamika "nimeweka pamba na bado nasikia kila kitu", na wana haki ya kulalamika, hakuna aliyewaambia kwamba sauti haipiti kwenye pamba, inapita kwenye ile mbao. Bodi ya huku inatetemeka, imepigiliwa kwenye mbao, mbao imepigiliwa na bodi ya kule, mtetemo unapita njia yake bila kugusa pamba hata kidogo. Fremu ya bati jembamba inafanya vizuri zaidi kwasababu bati linanesa, pale pamba hiyo hiyo inaongeza kama pointi 5 na ukuta unafika arobaini na kitu. Kwahiyo kama unajenga kizigeu kipya na huna bajeti ya mambo makubwa, bati jembamba na pamba kuliko mbao na pamba.

Ukiongeza jipsamu ya pili unaongeza uzito. Bodi ya milimita 12.5 ina kama kilo 8 hadi 10 kwa mita ya mraba, na kanuni ya uzito inasema ukizidisha uzito wa ukuta mara mbili unapata kama desibeli 5 au 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Sikio la mtu linahitaji kama desibeli 10 ili liseme kelele imepungua nusu, kwahiyo jipsamu ya pili utaisikia tofauti yake ila usitarajie miujiza. Kuna gundi maalum isiyokauka inayopakwa kati ya bodi mbili, inageuza mtetemo kuwa joto dogo sana, inaongeza kitu cha maana hasa kama hutaki kubomoa ukuta uliopo.

Chaneli za kunesa ni vipande vyembamba vya chuma vinavyofungwa kwa kulala kwenye fremu, afu jipsamu inafungwa kwenye chaneli badala ya kwenye mbao. Ukuta ule ule wa mbao wenye pamba unaweza kutoka 36 hadi kwenye 46 hivi, na ukiweka jipsamu mbili mbili unapita 50. Tatizo la chaneli ni kwamba inaharibika kirahisi kuliko kitu chochote. Skrubu moja ndefu iliyopita chaneli na kuuma mbao inaunganisha tena kile ulichotenganisha, fundi akiwa na haraka anafunga kumi za hivyo na huwezi kuziona tena. Simama naye. Angalia urefu wa skrubu kabla hajaanza, na ukija kutundika televisheni au makabati juu ya ukuta huo usizamishe boliti mpaka kwenye mbao. Klipu zenye mpira zinavumilia zaidi makosa ya fundi, ila zinachukua nafasi kidogo.

Mfalme ni fremu mbili zisizogusana, kila upande na nguzo zake, katikati uwazi na pamba. Hata na jipsamu moja moja unafika 55 hivi, ukiweka mbili mbili unapita 60. Unapoteza sentimita 20 na zaidi za chumba. Kwa ukuta unaotenganisha nyumba yako na ya jirani, au chumba cha mtoto mchanga na sebule yenye televisheni, mi naona inastahili.

Tahadhari moja. Usiongeze bodi ya tatu katikati ya uwazi. Inaonekana ni akili, tabaka tatu, nafasi mbili za wazi, ila kwenye besi matokeo yanashuka kuliko kuwa na tabaka mbili nzito na uwazi mmoja mkubwa. Na kuhusu besi lenyewe, STC inapimwa kuanzia hezi (mitetemo kwa sekunde) 125 hadi 4000, dumdum la muziki mwingi liko chini ya hapo, kwahiyo ukuta unaweza kuwa na namba nzuri kwenye karatasi na bado spika ya jirani inakutikisa kifua. Dhidi ya besi kinachosaidia ni uzito na uwazi mpana, pamba nzuri peke yake haitoshi.

KAMA UKUTA NI WA TOFALI AU BLOKU

Bloku la sentimita 15 lililopigwa plasta pande zote mbili tayari liko kwenye arobaini na kitu, uzito unafanya kazi. Kama halijapigwa plasta anza na plasta, bloku tupu lina vinyweleo na sauti inapenya humo, utashangaa plasta peke yake inavyobadilisha. Ukitaka zaidi, jenga fremu ya bati inayojitegemea, imeshikwa chini na juu tu, imeachana na tofali kama sentimita 1 au 2, pamba ya sentimita 5 au zaidi, jipsamu mbili. Hapo unapanda vizuri sana na kwa ukuta wa nje unapata joto pia, ndo suluhisho linalofanya kazi zote mbili kwa pamoja bila moja kuiharibu nyingine. Ile njia ya kupigilia vijiti vyembamba kwenye tofali na jipsamu juu yake, uwazi wa sentimita 2, sipendi kabisa, kwa sauti za chini inaweza kurudisha ukuta nyuma.

Unyevu sasa, kwa ukuta wa nje tu. Ukiuvalisha kwa ndani, lile tofali halipati tena joto la chumba. Sehemu za baridi, mvuke wa ndani (kupika, kuoga, hata kupumua) unapita kwenye pamba unafika kwenye tofali la baridi unageuka maji, na baada ya misimu miwili mitatu una ukungu mweusi nyuma ya jipsamu nzuri. Ndo maana karatasi ya kuzuia mvuke inawekwa upande wa joto, yani ndani, nyuma ya jipsamu. Sehemu za joto zenye unyevu mwingi na kiyoyozi kinachofanya kazi muda wote mambo yanageuka, mvuke unatoka nje kwenda ndani, na ukiweka nailoni upande wa ndani umeufungia humo humo. Kwahiyo usikopi ramani ya mtu wa hali nyingine ya hewa. Na ukuta unaovuja maji ya mvua au unaopanda unyevu toka chini usivalishwe chochote mpaka utibiwe na ukauke.

UPENYO NA MLANGO

Sauti kama maji, inatafuta pa kupenya. Upenyo wenye eneo la asilimia 1 tu ya ukuta unafanya ukuta mzima usiweze kupita desibeli 20, hata ungekuwa wa zege. Kabla hujanunua chochote subiri usiku, washa taa kali chumba kimoja, zima kingine, piga magoti uangalie chini ya ukuta, kwenye kona, kuzunguka soketi na fremu ya mlango. Unapoona mwanga ndipo sauti inapopita. Ziba kwa silikoni au gundi inayobaki laini, sio plasta inayokauka ikapasuka. Soketi zilizotazamana mgongo kwa mgongo kwenye ukuta mmoja ni tundu lenye kifuniko tu, zihamishwe zipishane nguzo moja angalau.

Panda pia juu ya dari uangalie. Kuta nyingi za kugawa vyumba zinaishia kwenye siling bodi, hazifiki juu, na huko juu ni uwanja mmoja wazi, sauti inapanda chumba hiki inashuka chumba kile. Ukuta wako hata uwe na STC 60 hautasaidia. Na mlango wa mbao wenye uwazi ndani uko kwenye 20 hivi. Mlango mzito uliojaa, wenye mpira pembeni na brashi chini, unakaribia 30, na kwa watu wengi kubadilisha mlango ndo tofauti ya kwanza kubwa watakayoisikia, kabla hata ya kugusa ukuta.

SASA UCHAGUE

Ukuta wa chumba na chumba, kelele za maongezi na televisheni: pamba yoyote kati ya mbili, fremu ya bati au chaneli, jipsamu mbili angalau upande mmoja. Povu usiliguse.

Ukuta wa nje, shida ni joto au baridi tu na nje kuko kimya: PIR kama nafasi ni finyu, pamba kama nafasi ipo na unajali moto. Mi ningechukua pamba.

Ukuta wa nje unaopakana na barabara yenye magari: fremu inayojitegemea, pamba ya mawe, jipsamu mbili, ila angalia dirisha kwanza, kioo kimoja chembamba kitapitisha kelele yote ambayo ukuta umeizuia.

Ukuta umeshafungwa na hutaki kubomoa: selulosi ya kupuliza kama uwazi upo, afu jipsamu ya pili na ile gundi isiyokauka.

Umepanga na huruhusiwi kujenga: ziba nyufa, weka mpira na brashi kwenye mlango, kabati zito lililojaa nguo liegemee ukuta wa jirani, zulia nene chini. Haitakuwa ukimya wa fremu mbili ila utaisikia tofauti, na unaondoka na vitu vyako.

Na kwa yeyote anayejenga: waya zikizungukwa na insulesheni hazipoi kama zamani, fundi umeme aje apige hesabu ya ukubwa wa waya kabla ukuta haujafungwa, hasa waya za kiyoyozi na hita ya maji. Akishamaliza piga picha ukuta mzima ukiwa wazi na futi imeshikizwa pembeni, ili siku ukitaka kutoboa ujue waya na bomba zimepita wapi.